Mara Moja Orrin Aligeuka

Ungemkuta Idella Pruitt getini pale kambini Ziwa Lottie, ungemwamkia, ungempa jina lako na kamera yako aifungie kabatini, na ungekuwa umeshapita hatua kadhaa ndipo ukumbuke kwamba yule mama hakuwa na nguo mwilini. Wapo watu wakivua, unawaona wamevua. Idella alionekana kama amevaa kitu ambacho wewe ndiye huna macho ya kukiona. Najua ninachosema, maana nimeona watu waliovua wengi kuliko daktari yeyote wa Florida, na mimi sikuwatoza hata senti.

Basi ondoa hilo tabasamu, tuendelee.

Ilikuwa kambi ya watu wa jua, wanaokaa bila nguo, kwenye misonobari nyuma ya barabara ya Tampa, na wenyeji wake walikuwa watu wa kawaida kabisa: mafundi, wauza bima, wauguzi waliostaafu, na wake zao waliokuwa wakigombana juu ya nani alete pai ya ndimu. Adabu zetu zilikuwa chache. Hukai popote bila kutandika taulo lako, hata kama kiti ni chako, hata kama nyumba ni yako. Mtu unamwita kwa jina la kwanza tu, lile la ukoo linabaki barabarani pamoja na kazi yake na dhehebu lake. Na kamera haipiti geti.

Hiyo ya kamera aliileta Idella mwenyewe. Yeye na mumewe Orrin walifika pale wakati kambi bado ni matope na mbu, Orrin akiwa fundi wa majokofu aliyechoka kupigiwa kelele na wenye maduka ya nyama. Wakanunua kijumba cha magurudumu, wakakiegesha karibu na geti, wakakaa mwaka mzima, kiangazi na baridi. Mwaka wa pili akaja Thurza. Thurza alikuwa mwalimu wa shule huko Georgia, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa kukata bati. Mgeni mmoja akampiga picha akimenya balungi, picha ikauzwa kwa gazeti, uso wake wote ukaonekana, na mkuu wake wa shule, ambaye nadhani hakulinunua gazeti lile kwa ajili ya makala zake, akamfukuza kazi. Thurza hakulia. Alirudi kambini na sanduku lake moja, akakaa moja kwa moja. Lakini Idella, ambaye ndiye aliyemfungulia geti yule mgeni mwenye kamera, aliagiza kabati la chuma lenye kufuli, akaweka vibandiko vya karatasi vya kufungia kila kamera jina la mwenyewe, na kuanzia hapo hata gavana angeiacha ya kwake pale.

Sasa fikiri kidogo. Mtu akiishi miaka kumi na saba mahali ambapo kamera zimefungiwa, na ufunguo anao mkewe, atapigwa picha na nani?

Orrin alianguka kando ya pampu ya maji mwezi wa Februari, asubuhi, spana mkononi. Moyo. Alichomwa kama alivyotaka, na majivu yake tukayafukia chini ya mbalungi ulio nyuma ya uwanja wa mpira wa wavu, sote tumesimama na mataulo yetu, Thurza akisoma zaburi. Idella alisimama mbele. Baada ya hapo akaenda kuosha vyombo vya msiba.

Hakulia siku ile wala zilizofuata. Si kwamba alijizuia. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja basi, hakikuja, akainuka akaenda kufanya kazi. Akawa anafungua mnyororo wa geti na kuufunga. Anakula uji wa mahindi kwa sababu ni saa ya uji wa mahindi. Wanawake wa kambi wakamletea mayai ya kujaza, sahani juu ya sahani, akayala yote bila kujua kama yametiwa chumvi. Nilimwambia mimi mwenyewe kichekesho kimoja, changu kile kizuri cha mchungaji na nyuki, ambacho hakijawahi kushindwa. Akaniangalia kwa upole, akaniuliza kama nimesharudisha reki.

Ndipo asubuhi moja ya mwezi wa Mei alipokuwa anapangusa kioo cha Orrin cha kunyolea, akajaribu kumkumbuka akiwa mbele ya kile kioo, akamwona kisogo. Akajaribu tena. Kisogo, na mabega, na lile kovu la kuungua chini ya bega la kushoto. Alijua kwamba Orrin alikuwa na pua kubwa na pengo la meno mbele. Alijua kama unavyojua jina la mji mkuu wa nchi usiyowahi kufika. Lakini uso wenyewe, wote pamoja, haukuja.

Akatoa picha ya harusi. Ilikuwa moja tu, na Orrin ndani yake ni kijana mwembamba aliyeazima suti, kofia imemtia kivuli mpaka kwenye mdomo. Akaitazama kwa muda, akairudisha bahashani. Akamwendea Thurza, akamwambia kwa sauti ileile ya kuulizia reki kwamba amepoteza uso wa Orrin.

Thurza, ambaye huwa na jibu la kila kitu, aliweka mezani sinia la biskuti alilokuwa ameshika. Kisha akasema ana jambo amelificha wiki nzima. Alipokwenda Tampa kwa daktari wa meno alipita mbele ya jumba moja la sinema la vichochoroni, na mlangoni limebandikwa tangazo: *Bustani Isiyo na Vifungo*. Ile filamu ya Rudy.

Rudy Vance huyo alikuja kwetu miaka miwili kabla ya hapo, kwa gari refu lenye rangi ya pichi, akitafuta kambi ya kweli ya kupigia filamu. Bwawa letu la kuogelea lilikuwa limepasuka na kamati haikuwa na saruji. Rudy akatoa saruji. Sharti la Idella lilikuwa hili, na alilisema akiwa ameshika ufunguo wa geti: hakuna uso wa mwanakambi utakaoonekana. Rudy akakubali upesi, kwa sababu, alisema, nyuso za wanakambi si ndizo watu wanazolipia.

Akaleta wasichana wake kutoka Miami. Wazuri, sikatai. Lakini walikuwa wameiva jua kote isipokuwa palipokaa nguo za kuogelea, wana alama nyeupe kama bahasha zilizobandikwa mwilini, na sisi tuliozaliwa upya juani tulicheka mpaka mtu mmoja akalazimika kukaa chini, juu ya taulo lake. Ikabidi wapakwe poda iliyochanganywa na chai ya rangi, na kila walipotoka jasho chai ilichuruzika. Tena kulikuwa na sheria ya serikali. Mbele ya mtu, chini ya kitovu, hapaonyeshwi. Kwa hiyo kila msichana alipewa kitu cha kushika kiunoni, huyu kapu la machungwa, huyu gitaa, huyu tikiti maji, na Rudy kazi yake kutwa nzima ilikuwa kupiga kelele, shusha tikiti, shusha tikiti, umelipandisha.

Sasa mpira wa wavu hauchezeki huku umeshika tikiti. Rudy akaona wasichana wake wanakimbiza mpira kama kuku, akaomba wanakambi wacheze, wapigwe kwa nyuma tu. Orrin akajitolea wa kwanza. Alikuwa mchezaji mzuri, na alipenda kutazamwa, tusidanganyane. Idella akasimama kando ya kamera kuwa askari. Yeyote aliyesahau akageuza uso, alimwonyesha kidole akikizungusha hewani hivi, naye anageuka.

Na katikati ya mchezo Orrin aligeuka. Hilo Idella alilikumbuka, palepale mbele ya Thurza na sinia la biskuti. Mara moja Orrin aligeuka mzima akatazama upande wa kamera akasema kitu. Kwa hiyo uso wake uko mle ndani. Upo unatembea, na mdomo wake, na pengo.

"Shoga, nitakusindikiza mpaka mlangoni," Thurza akasema. "Ndani siingii. Nimekaa uchi kwa heshima yangu miaka yote hii, sitaenda leo kutazama uchi wa kukatiwa tiketi."

Wakapanda basi la mchana. Idella alivaa gauni la buluu na kofia, na viatu vilivyombana kwa sababu miguu yake ilikuwa imesahau viatu. Thurza alizungumza njia nzima. Walipofika akaingia kwenye mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akaagiza chai ya barafu, akakaa dirishani kama mpelelezi.

Mkata tiketi alimtazama Idella kofia mpaka viatu. Akamwambia mama, kanisa liko mtaa wa nyuma. Idella akasema anajua, na akamwomba tiketi moja.

Ndani kulikuwa na giza la joto na harufu ya sigara. Wanaume walikaa mbalimbali, kila mmoja na ukanda wake wa viti vitupu kama mashamba, kofia zao mapajani. Mwanamke aliyevaa kofia alipopita katikati, waliteremka vitini mpaka shingo zikapotea. Idella akachagua kiti cha katikati. Akafungua mkoba, akatoa taulo lake, akalitandika vizuri kitini mpaka kwenye pembe, ndipo akakaa. Hakulifikiria. Ni kama wewe unavyofuta miguu mlangoni. Lakini mwanaume aliyekuwa karibu aliona mwanamke anatandika taulo mahali pale, akainuka akahamia mstari wa mbele kabisa.

Filamu ilianza na daktari. Amevaa koti jeupe, amekaa mbele ya rafu ya vitabu, anaeleza faida za jua kwa mifupa. Yule hakuwa daktari, alikuwa dereva wa gari la Rudy, na vitabu vile ni vya Thurza. Filamu haikuwa na sauti ya watu, Rudy hakulipia vipaza sauti. Kulikuwa na mtu mmoja tu anayesimulia juu kwa sauti ya mafuta, na kinanda chini yake. Wasichana wakapita na makapu yao. Idella aliwatazama kama anavyotazama mvua. Akaona geti lake. Akaona pampu. Akamwona Thurza kwa nyuma anachuma balungi, akamtambua kwa viwiko.

Kisha uwanja wa mpira wa wavu, na Orrin.

Kisogo, mabega, kovu. Anaruka, anapiga, anatua. Msimulizi anasema huku umri hauna maana. Orrin anajifuta mikono kwenye mapaja, kama alivyozoea. Anaruka tena. Idella alijikuta amesogea mbele kitini. Mpira ukatoka nje, Orrin akasimama, bega la kulia likaanza kurudi nyuma, likaja sikio, likaja shavu, ikaja ncha ya pua.

Tikiti maji. Msichana ameshika tikiti maji kando ya bwawa, anacheka.

Idella alikaa palepale. Sinema ile ilirudiarudia mchana kutwa, filamu ikiisha inaanzishwa upya, na mtu akilipa mara moja hakuna wa kumtoa. Akamngoja daktari amalize habari za mifupa. Akangoja makapu. Uwanja ukaja tena, Orrin akaruka tena, akasimama, bega, sikio, shavu, ncha ya pua, tikiti. Safari hii alisikia mruko mdogo kwenye kinanda, kama mtu aliyejikwaa. Hapo akaelewa kwamba pamekatwa.

Akakunja taulo, akalitia mkononi, akapanda ngazi nyembamba zilizo nyuma, akagonga mlango wa chumba cha mashine.

Mwendesha mashine alikuwa Clovis Hatcher, mzee mnene mwenye fulana na mikanda ya mabegani ya kushikilia suruali, aliyekaa na mashine ile tangu sinema hazijaanza kusema. Alipofungua akaona gauni la buluu, kofia, na uso usiosema lolote, akajua mara moja: kamati ya kina mama wa kanisa. Walikuwa wameshamjia mwaka uliopita. Kabla Idella hajafungua mdomo, Clovis alikuwa ameshaanza kujitetea. Filamu ni safi, imepitiwa na polisi, kila mbele ya mtu imekatwa na mkasi huuhuu hapa mezani, na alivyokata amevichoma moto vyote, hakuna kilichobaki, na hata kingebaki yeye ni baba wa mabinti.

Idella akasema hakuja kwa ajili ya wasichana. Anamtaka mzee wa mpira wa wavu.

Clovis akafikiri huu ni mtego mpya. Akasema mzee gani, hamna mzee. Akarudi kwenye mashine yake akajifanya anaisikiliza, huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Jicho lake likashuka mpaka kwenye mkono wa Idella, kwenye taulo.

"Ulilikalia," akasema.

Idella hakuelewa.

"Taulo. Nilikuona kwenye tundu langu hili. Nikadhani labda umeona uchafu kitini." Akajikuna kidevu. "Nimeitazama hii takataka mpaka naiota, mama. Wale wasichana kila mara wanakaa tu, kwenye nyasi, kwenye saruji, popote. Ila kuna watu kule nyuma, wasioonyesha uso, hawakai mpaka wametandika. Nilikuwa najiuliza wale ni akina nani."

"Ni sisi," Idella akasema.

Clovis akamtazama tena, kofia mpaka viatu, na nadhani alijaribu kuwaza asichotakiwa kuwaza, akaona haya, akampa kiti. Idella akatandika taulo, akakaa.

Akamwambia kwa maneno machache. Kwamba yule mwenye kovu ni mumewe. Kwamba amekufa, na hana picha. Kwamba aligeuka mara moja. Aliyasema yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa, na Clovis baadaye alikiri mbele yangu kwamba angelia angejua la kufanya, angempa leso. Ile sauti kavu ndiyo iliyomtoa jasho.

Akafungua kabati, akaondoa makopo ya mafuta ya mashine, na nyuma yake akatoa kopo la kahawa. Lilikuwa limejaa vipande vya mkanda, vimejikunja kama maganda ya viazi. Wateja wengine hupenda kununua, alisema, akayameza maneno mengine. Akaanza kuvitoa kimoja kimoja, kukiinua kwenye taa, kukiweka kando. Msichana, msichana, gitaa limepanda. Idella alingoja, mikono magotini.

"Huyu hakuna aliyemtaka," Clovis akasema akiwa ameingiza mkono mpaka chini ya kopo. "Lakini sikumtupa. Kila nikimwona nacheka. Anaonekana kama mtu aliyeitwa chakula tayari."

Akampa.

Kilikuwa kifupi, urefu wa kidole hivi, safu ya vijipicha vidogo kuliko kucha. Idella alikishika kwa pembe, akakiinua kwenye taa ya Clovis. Kwenye kijipicha cha juu Orrin anageuka. Kwenye kinachofuata amegeuka mzima, ana kila kitu alichozaliwa nacho, na mdomo uko wazi, na pale katikati ya mdomo ni doa jeusi ambalo kwa anayelijua ni pengo. Pua ipo. Macho hayaonekani vizuri, ni vivuli viwili, lakini vivuli vile havitazami kamera. Vinatazama kando yake kidogo, pale alipokuwa amesimama mtu. Vijipicha vitatu vya chini ni vya kurudi. Mdomo unafumba, shavu, sikio. Na kwenye pembe ya hivyo vya mwisho, karibu kabisa na kioo cha kamera mpaka imekuwa ukungu, kuna fimbo nyeupe inayozunguka.

Ilimchukua muda kuitambua. Kilikuwa kidole chake mwenyewe.

Clovis alisogea naye akatazama, akauliza kwa upole anasema nini yule bwana.

"Sijui," Idella akasema. "Nilikuwa naangalia kamera."

Aliuliza anadaiwa dola ngapi, na Clovis akakasirika kweli, akamwambia mama usinitukane chumbani kwangu. Akatafuta bahasha, akakosa, akamfungia kile kipande ndani ya karatasi ya peremende. Idella akashukuru. Alipofika mlangoni Clovis akamuuliza kama kule kwao wanapokea watu wanene. Akajibiwa kwamba wanapokea mtu yeyote mwenye taulo.

Kule mkahawani Thurza alikuwa ameshamaliza chai ya tatu. Alimwona Idella akivuka barabara, akajaribu kusoma uso wake, akashindwa. Idella akaketi, akafungua karatasi ya peremende, akampa. Thurza akakiinua kipande kwenye dirisha, mbele ya watu wote wanaokula mkate wa nyama, mume wa mtu akiwa uchi dhidi ya mwanga wa Tampa.

"Ndiye," Thurza akasema. Akatazama zaidi. "Na wewe ndiye huyu hapa, na kidole chako."

"Ndiyo."

Thurza akaweka kipande chini taratibu. Akasema, na kwa Thurza hili ni jambo kubwa, kwamba kile kidole kilizungushwa kwa ajili yake yeye na uso wake wa Georgia, kwa hiyo Idella asikiingize moyoni. Idella akajibu kwamba hakijaingia popote. Akala pai aliyoagiziwa. Akaombwa aeleze kama amejisikia nafuu sasa, akafikiri kwa haki kabisa, akasema uso ameupata, anaweza kuuona hata sasa akifumba macho, mdomo uko wazi. Nafuu hajaiona bado. Thurza akamwambia labda inakuja na basi lingine.

Wakarudi. Pale getini Idella akavua viatu kwanza, kisha kofia, kisha gauni, akavikunja juu ya mkono wake. Akaufungua mnyororo, akasimama. Karatasi ya peremende ilikuwa kiganjani. Thurza, ambaye alikuwa ameshapita na kuanza kulalamikia mbu, aligeuka akamwona amesimama palepale upande wa barabara, kama mgeni.

Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Picha ya uso wa mwanakambi haipiti geti. Hakuna aliyekuwa akimwangalia isipokuwa Thurza, na Thurza, mwenye haki kuliko mtu yeyote kuitetea ile sheria, alimwambia apite tu, apite na mumewe, nani atamuuliza. Idella hakubishana. Aliingia kwenye kibanda cha geti, akafungua kabati la chuma, akachukua kibandiko kimoja, akaandika jina la kwanza tu, kama inavyotakiwa. Akakifunga kwenye karatasi ya peremende, akaiweka kwenye rafu ya juu, mahali penye baridi. Kisha akafunga kwa kufuli.

Watu watakwambia baada ya hapo alibadilika, akaanza kucheka, akaolewa na mwendesha mashine. Uongo. Clovis alikuja, ndiyo, akakaa nasi, akaungua mgongo vibaya sana wiki ya kwanza na mimi ndiye niliyempaka siki, lakini hakuna aliyeolewa na mtu. Idella aliendelea kuufungua mnyororo na kuufunga. Kitu kimoja tu nilichokiona mimi, ambaye hakuna kinachonipita, ni kwamba mtu akimwita kutoka mbali, kwa jambo lolote, hata kuulizia reki, Idella alikuwa anaacha anachofanya na kungoja mpaka mtu huyo amalize kusema.

Jumapili jioni wageni huondoka, na foleni hukaa mbele ya kibanda kuchukua kamera zao. Jumapili hiyo ya kwanza alikuwapo mwanamke mmoja kijana wa Orlando, mpya, aliyevaa nguo zake kwa huzuni. Akapokea kamera yake, akachungulia ndani ya kabati lililokuwa linabaki tupu, akaona ile karatasi ya peremende peke yake kule juu. Akamwambia bibie, mtu amesahau kitu chake.

Idella akageuka akaitazama.

"Hajasahau," akasema. "Hiyo ni ya Orrin. Bado hajatoka."

Akafunga kabati.